Mama Kevin wa Nsambya na Wauguzi wa Siku ya Maafa

Ni nadra jina la mtu kutiwa ndani ya lugha ya watu wengine likawa neno la kila siku. Magavana huachiwa mitaa na wafalme hujengewa masanamu, kisha miaka ikapita, masanamu yakaangushwa na mitaa ikabadilishwa majina. Lakini neno likishaingia vinywani mwa akina mama waendao na watoto wagonjwa mgongoni, hakuna serikali iwezayo kulifuta. Waganda walimfanyia heshima hiyo mtawa mmoja wa Kikatoliki, mzaliwa wa Ireland, ambaye jina lake la utawa lilikuwa Kevin. Wakalitia irabu ya mwisho kama ilivyo desturi ya lugha zetu, likawa kevina, na maana yake ikawa hospitali, au nyumba yoyote ya kuwahurumia watu.

Wasomaji waliozoea kuniona katika ukurasa huu nikieleza habari za masheha na watunzi wa tenzi huenda wakashangaa leo kuniona na habari za sista. Sababu yake ni safari ya Kaplong.

Kaplong iko katika kaunti ya Bomet, upande wa Sotik, katika nchi ya Wakipsigis. Ni njia panda. Barabara moja yatoka Kericho kupitia Litein. Ya pili yapanda kutoka Kisii kupitia Sotik. Ya tatu yaenda Bomet na Narok, na kuendelea mpaka Mai Mahiu kwa mtu aendaye Nairobi. Kulia ni chai na kushoto ni chai, na mtu wa pwani kama mimi, aliyezoea jua la Mombasa, hujikunyata ndani ya koti tangu asubuhi. Malori ya majani ya chai, magari ya maziwa, matatu, mabasi ya usiku na vijana wa bodaboda wote hupishana hapo, na mvua ya jioni ikishuka pamoja na ukungu, lami huteleza kama samaki. Kaplong pana hospitali ya misheni ya Kikatoliki. Upande wa Bomet kuna Tenwek, hospitali ya Waprotestanti iliyoanzishwa 1937, na Longisa ya serikali. Na upande wa Kericho kuna Litein.

Watu wa nchi hiyo hawana haja ya kusimuliwa ajali. Tarehe 10 Oktoba 2018 basi la abiria lilianguka karibu na Fort Ternan, wakafa watu zaidi ya 50 kwa mpigo mmoja. Tarehe 30 Juni 2023, jioni, lori liliacha njia likaingia katikati ya wachuuzi na magari pale Londiani Junction, wakafa watu 52. Mahali pote pawili ni Kericho, si mbali na Kaplong. Sisi wa pwani tuna yetu: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikazama, wakafa watu 272, na wengi wetu twakumbuka tulivyosimama ufukweni tukihesabu maiti.

Basi nilikuta Kaplong wauguzi, matabibu, madereva wa magari ya wagonjwa na vijana wachache wa bodaboda wakifundishwa la kufanya siku hiyo ikija. Vijana wengine walikuwa wamepakwa rangi nyekundu, wamelazwa nyasini, wakiugua kwa kuigiza. Kila muuguzi alipewa vitambaa vya rangi nne na kuambiwa asizidishe dakika moja kwa kila mtu. Anayeweza kutembea hupewa kijani na kuambiwa akae kando. Asiyeweza kutembea huangaliwa pumzi zake, damu yake, na kama anafahamu anapoambiwa afumbe mkono. Akiwa taabani lakini anaokoleka hupewa nyekundu, huyo ndiye wa kwanza kuchukuliwa kwa machela. Anayeweza kungoja hupewa manjano. Na asiyepumua, hata akifunguliwa koo, hufungwa nyeusi, muuguzi akapita.

Hapo kwenye nyeusi ndipo somo lilipokuwa gumu. Msichana mmoja, muuguzi mpya, alifika kwa mtoto aliyekuwa akiigiza maiti, akapiga magoti, akashindwa kuinuka. Mwalimu wake akamrudisha mwanzo wa mstari. Mara ya pili akashindwa vile vile. Mara ya tatu alifunga kitambaa cheusi, akaenda kwa mtu wa pili, na machozi yakimtoka akamziba mtu yule mshipa uliokuwa unamwaga damu ya rangi. Nikafahamu ya kwamba jambo lile haliwezi kujifunzwa siku ya ajali yenyewe. Mtu aliyefika barabarani usiku, mvua inanyesha na watu 60 wanapiga kelele, atamwendea anayelia zaidi. Na anayelia zaidi, mara nyingi, si yeye anayekufa.

Upambanuzi wa namna hii si wa jana. Dominique Larrey, tabibu aliyefuatana na majeshi ya Napoleon, alishikilia ya kwamba aliyejeruhiwa vibaya zaidi ndiye atazamwe kwanza, awe jenerali au mpishi, awe wa jeshi lao au wa adui. Na kabla yake kwa karne nyingi, sisi tuliosoma chuoni tulisimuliwa habari za Bibi Rufaida wa Madina, aliyekuwa na hema lake katika msikiti wa Mtume, na Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, akapelekwa hemani kwa bibi huyo kuuguzwa. Hema lilikuwa tayari, na mwenye kuuguza alikuwa anaijua kazi yake.

Nilipokuwa nikitazama mazoezi yale, mama mmoja mzee, muuguzi mstaafu, alinikaribisha kwa chamgei na kunipa kiti. Nikamwuliza kazi alifundishwa na nani. Akaniambia mkunga aliyemfundisha alikuwa amesomea Nsambya, Kampala, katika chuo cha Mama Kevin, na akashangaa kuniona, mtu mzima na mwandishi, simjui vizuri huyo Mama Kevin. Nikajitia kumtafuta vitabuni. Haya ndiyo niliyoyapata.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 Knockenrahan, karibu na mji wa Arklow, katika jimbo la Wicklow, mashariki ya Ireland. Jina lake la nyumbani lilikuwa Teresa Kearney. Baba yake, mkulima, alikufa kwa ajali miezi mitatu kabla ya mtoto kuzaliwa, hata Teresa hakumjua ila kwa kusimuliwa. Mama akaolewa tena, naye akafa Teresa akiwa na umri wa miaka kumi. Akalelewa na bibi yake, mzaa mama, mwanamke mcha Mungu, na bibi huyo naye akafariki Teresa alipokuwa na miaka 17. Mtu aliyefiwa hivyo mara tatu kabla hajawa mtu mzima ama huwa mgumu wa moyo au huwa mwepesi wa kuitika kilio cha mwingine. Yeye alikuwa wa namna ya pili, ingawa wote waliofanya kazi chini yake wakiri ya kwamba alikuwa na amri kali.

Alitaka kuwa mwalimu, lakini fedha za kusomea hazikuwapo. Akaenda Rathdrum, kwa masista wa Mercy, akajifunza kidogo na kufundisha kama mwalimu msaidizi asiye na cheti, kisha akaenda Uingereza kufundisha. Mwaka wa 1895 akaingia utawa katika shirika la Kifransisko la St Mary's Abbey, Mill Hill, kaskazini ya London, na 1898 akapewa jina la Sista Mary Kevin. Yasimuliwa kwamba aliomba kupelekwa Marekani kuwatumikia Waafrika wa huko. Akangoja miaka mitatu. Jibu lilipokuja halikuwa Marekani, lilikuwa Uganda.

Hapa yafaa nieleze kidogo, maana bila habari hii msomaji hatafahamu kwa nini sista wa Mill Hill apelekwe kilima cha Kampala. Buganda ya miaka ya 1890 ilikuwa imepasuka kwa dini. Mapadri Wakatoliki wa kwanza walikuwa Wafaransa na wamisionari wa Kiprotestanti walikuwa Waingereza, hata watu wakawa wanaitwa Wafaransa au Waingereza kwa kanisa wanalosali, na mwaka wa 1892 wakapigana kwa bunduki. Ili kuonyesha kuwa mtu aweza kuwa Mwingereza na Mkatoliki, Roma ikawaleta mapadri wa Mill Hill mwaka wa 1895 chini ya Askofu Henry Hanlon, nao wakakaa kilima cha Nsambya. Sehemu yao ilikuwa mashariki ya Uganda, na kutoka huko wakavuka wakaingia magharibi ya Kenya. Mwaka wa 1903 walifungua misheni Kisumu. Wakati huo na kwa miaka mingi baadaye Kericho ilihesabiwa upande wa Nyanza, na nchi yote ile ya chai ilikuwa katika eneo lao. Ndiyo maana habari za Nsambya zafika Kaplong bila kupotea njia.

Askofu Hanlon aliomba masista. Waliojitolea wakachaguliwa sita: watatu wa Ireland, mmoja Mwingereza, mmoja wa Scotland na mmoja Mmarekani. Waliondoka London tarehe 3 Desemba 1902. Walishuka Mombasa kwetu, wakapanda gari la moshi. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu Desemba 1901, hivyo wao waliponea safari ya miguu ya miezi ambayo wenzao wa kwanza waliifanya kwa hema na wapagazi. Wakavuka ziwa, na tarehe 15 Januari 1903 wakafika Nsambya.

Walifika katika nchi iliyokuwa katikati ya msiba. Malale yalikuwa yamezuka kandokando ya ziwa, hasa Busoga. Madaktari ndugu wawili Albert na Jack Cook, wa hospitali ya Mengo, walikuwa wameyatambua mwanzoni mwa 1901, na kabla ya kutulia yaliua watu zaidi ya 200,000. Ndui ilikuwako, tauni ilikuwako, na homa ya malaria haikumpa mtu likizo. Na hawa masista sita dawa zao zingeweza kuchukuliwa na punda mmoja. Dispensari yao ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe. Kevin mwenyewe hakuwa muuguzi kwa masomo. Alichosomea kidogo ni ualimu. Aliijifunza kazi ya kuuguza pale pale, juu ya miili ya watu, kama walivyojifunza wengi wa zama zile, na sidhani mtu ajifunzaye hivyo husahau wale waliokufa wakati yeye angali anajifunza.

Nisizidishe sifa. Misheni ya wakati ule haikutoa dawa bure ya nia nyingine. Penye dispensari palikuwa na kanisa, na aliyekuja kwa kidonda alitarajiwa abaki kwa katekisimu. Sisi Waislamu wa Afrika ya Mashariki twaijua biashara hiyo. Lakini kidonda kilichooshwa kimeoshwa, na mwembe ule haukuwa na mlango wa kumwuliza mtu dini yake.

Kazi ikapanuka. Mwaka wa 1906 masista walifungua nyumba Nagalama, umbali wa maili kama 20 na ushei kutoka Kampala. Mwaka wa 1910 Kevin akawa mkubwa wao, ndipo watu wakaanza kumwita Mama Kevin. Baadaye wakafika Kamuli, Busoga, katika nchi ile ile iliyoliwa na malale. Kila nyumba mpya ilikuwa na masista wawili watatu, na nyuma yao hapakuwa na mtu wa kuwapokea wakiugua, kwa kuwa Ulaya ilikuwa mbali na fedha zilikuwa haba.

Kisha vita. Agosti 1914 Waingereza na Wajerumani walianza kupigana katika nchi zetu, vita ambavyo havikuwa vyetu. Ng'ombe na farasi waliuawa na ndorobo, barabara hazikuwapo, basi kila risasi na kila gunia la unga lilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Wanaume walikusanywa kutoka Uganda, kutoka Nyanza, kutoka Ukamba, kutoka pwani, kutoka kila mahali, wakatiwa katika kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Msomaji akipita Kariakoo ya Dar es Salaam au Kariokor ya Nairobi, ajue kuwa analikanyaga jina la kikosi hicho. Walikufa kwa maelfu mengi, na wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi: kuhara damu, malaria, kichomi. Watu waliolelewa kwa ndizi walipewa unga wa mahindi wasioujua, haujaiva vizuri kwa kukosa wakati na kuni, matumbo yakawaka moto, nao bado wana mzigo kichwani na maili kumi na tano mbele yao.

Nsambya ikafanywa hospitali ya wapagazi hao. Hapo ndipo Mama Kevin alipokutana na maafa kwa maana yake kamili, yaani wagonjwa wengi kupita mikono iliyopo. Si mgonjwa mmoja baada ya mmoja kama chini ya mwembe, bali makundi ya watu waliobaki mifupa, wakilazwa wodini, na wodi zikijaa kwenye veranda. Wanaosimulia maisha yake wasema jinsi wapagazi walivyotendewa kulimuudhi sana. Askari alikuwa na madaktari wa jeshi. Mpagazi, aliyembebea askari chakula chake, alikuwa hana mtu. Desemba 1918, vita vilipokwisha, serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya MBE kwa kazi hiyo. Mwaka huo huo ile homa kuu ya mafua iliyozunguka dunia iliingia kwetu kwa meli, ikapanda na reli, ikamaliza wengi wa wale ambao vita iliwabakisha.

Nadhani miaka hiyo minne ndiyo iliyompa fikira yake kubwa, ingawa sikuona mahali alipoiandika hivyo. Kabla ya vita, alikuwa akiomba masista zaidi kutoka Ulaya. Baada ya vita, aligeuka akawatazama wasichana wa Uganda wenyewe.

Mwaka wa 1923 alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, kwa wasichana wanane. Hakuwa wa kwanza kuwapa wanawake wa Kiafrika utawa; upande wa mapadri Weupe, Bannabikira walikuwa wametangulia. Lakini wake walikusudiwa tangu mwanzo kwa shule na kwa wagonjwa. Jambo hilo lilikuwa gumu kuliko linavyosikika leo. Katika nchi ambamo msichana asiye na mume na mtoto alihesabiwa kuwa hasara ya ukoo, wazazi walikuwa wakiombwa wamtoe binti yao awe wa watu wote. Na kwa upande wa Wazungu wa zama hizo, si wachache waliokuwa na yakini kuwa Mwafrika aweza kufagia wodi lakini hawezi kukabidhiwa sindano.

Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1920 alifungua Nsambya chuo cha wauguzi na wakunga. Na hapa pana kisa ambacho mimi nakihesabu kuwa ndicho kiini cha maisha yake, ingawa wengi wamwandikiao hukipita kwa mstari mmoja.

Sheria ya Kanisa Katoliki ya wakati ule ilimkataza mtawa mwenye nadhiri asizalishe. Ilionekana ni jambo lisilopatana na utawa wake. Basi fikiri: sista anakaa kijijini, mwanamke analetwa usiku juu ya kitanda cha kamba, mtoto amekaa vibaya, na yule mtu mmoja anayeweza kumsaidia amefungwa mikono na kanuni iliyoandikwa Roma na wanaume ambao hawajapata kuiona kazi hiyo. Uzazi wa namna ile ni ajali kama ajali ya barabarani. Damu haingoji idhini. Mama Kevin hakuwa mtu wa kuvunja kanuni za kanisa lake. Alichofanya ni kutafuta njia ya pembeni iliyo halali. Alimpata Dakta Evelyn Connolly, mwanamke mmisionari asiye na nadhiri za utawa, ambaye sheria haikumgusa, na kwa msaada wake akaanza kuwafundisha wanawake wa nchi kazi ya uuguzi na ukunga. Kama sista hawezi kuzalisha, basi pawe na mikono mingine iliyofundishwa katika kila kijiji, kabla ya usiku ule kufika. Na jirani zao wa kilima cha Namirembe, Bibi Katharine Cook, mke wa yule Dakta Albert, alikuwa akifanya jambo hilo hilo kwa upande wa Waprotestanti. Makanisa mawili yaliyopigana 1892 sasa yalikuwa yakishindana kwa wakunga.

Mwaka wa 1936, mwezi wa Februari, Roma iliibadilisha kanuni ile, ikawaruhusu masista wasomee udaktari, uuguzi na ukunga, na tena ikawahimiza. Wanawake wengi walikuwa wamelisukuma jambo hilo, mmojawapo akiwa Anna Dengel wa Austria, aliyekuwa daktari na aliyeanzisha shirika lake Marekani 1925. Mama Kevin alikuwa na umri wa miaka 60 wakati huo, na alikuwa amekwisha ingojea ruhusa hiyo miaka 33 tangu afike Nsambya.

Mikono ile iliyofundishwa haikukaa bure. Hospitali ya Nsambya ingaliko, na tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalipolipuka Kampala yakaua watu zaidi ya 70, moja likiwa Kabalagala, chini kidogo ya kilima hicho, baadhi ya majeruhi walipelekwa pale. Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, tuliona kinyume cha matayarisho. Bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 213 mjini humo, likajeruhi maelfu, na majeruhi wakabebwa kwa matatu na malori ya mizigo kwenda hospitali yoyote dereva aliyoikumbuka. Watu walijitolea ajabu siku ile, sikatai. Lakini ukarimu usiojua nani abebwe kwanza huijaza hospitali moja wenye mikwaruzo, na mwenye kufa akakosa kitanda. Ndiyo sababu pale Kaplong sehemu moja ndefu ya somo haikuwa ya damu wala bendeji, ilikuwa ya simu: nani ampigie nani Tenwek, nani ahesabu chupa za damu zilizoko Longisa, nani asimame langoni awazuie jamaa wasiingie wodini. Nilitaka kusinzia, nikajizuia.

Turudi kwa Mama Kevin. Alikuwa hatulii. Mwaka wa 1932 alifungua makazi ya wenye ukoma Nyenga, na 1934 mengine Buluba, Busoga. Ukoma wakati ule haukuwa na dawa ya kuaminika, na mgonjwa alifukuzwa kwao; kumpa kitanda, sabuni na mtu wa kumgusa bila hofu ilikuwa ndiyo tiba yenyewe. Mwaka wa 1952 masista wake wa Ulaya walitengwa wakawa shirika lao wenyewe, Masista Wamisionari wa Kifransisko kwa Afrika, naye akawa mkuu wao wa kwanza, ana miaka 77. Wale masista Waafrika nao walizidi kuenea, Uganda, Kenya na Tanzania. Mwaka wa 1955 Malkia wa Uingereza akampa nishani ya CBE. Roma pia ilikuwa imempa nishani yake. Sijasoma mahali popote kuwa aliziringia.

Mwaka huo huo wa 1955 alishuka kutoka ukubwa. Mtu wa miaka 80 angetazamiwa akae kivulini Nsambya, chini ya mwembe wake, ahadithie. Wakubwa wa shirika walimtuma Boston, Marekani, akasimamie nyumba yao huko na kuchangisha fedha za misheni. Akaenda. Nchi ile aliyoiomba akiwa msichana, akanyimwa, ndiyo aliyopelekwa alipokuwa mkongwe, si kuwatumikia watu bali kuomba sadaka kwa ajili ya Uganda. Tarehe 17 Oktoba 1957 alikutwa amefariki katika chumba chake Brighton, mtaa wa Boston, mwenye umri wa miaka 82.

Maiti yake ilipelekwa Ireland ikazikwa kwa masista wenzake, nao walidhani habari imekwisha. Lakini Uganda haikukubali. Waganda walipeleka maneno kwamba huyu ni wao na mahali pake ni kwao, na watu wakachanga fedha, Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Jeneza likafukuliwa, likarudishwa Uganda. Tarehe 3 Desemba 1957, miaka 55 kamili tangu siku alipoondoka London, alizikwa Nkokonjeru, ndipo penye makao makuu ya wale Masista Wadogo alioanza nao wakiwa wasichana wanane.